Pampu zisizo na valvu na damu ya watoto

Machi 26, 1954, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, baba na mwanawe walilazwa kwenye vitanda viwili ndani ya chumba kimoja cha upasuaji. Mtoto, Gregory Glidden, alikuwa na mwaka mmoja na mwezi, na alizaliwa na tundu kati ya chemba mbili za chini za moyo. Baba mtu, Lyman, hakuwa mgonjwa. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuipokea damu ya mwanawe mwilini mwake, isafishwe na mapafu yake, kisha irudi kwa mtoto wakati daktari C. Walton Lillehei akiliziba lile tundu.

Katikati yao ilisimama pampu iliyozoeleka zaidi kwenye viwanda vya maziwa na vyakula, iitwayo Sigmamotor. Mirija ya plastiki ilipita mbele ya safu ya vidole vya chuma, na vidole hivyo viliibinya kimoja baada ya kingine, damu ikisonga mbele. Ndani ya mirija hiyo hamkuwa na valvu hata moja.

Tundu lilizibwa, lakini baada ya siku 11 Gregory alifariki kwa nimonia. Lillehei hakuacha. Hadi Julai 1955 alikuwa amewapasua watoto 45 kwa njia hiyo, na 28 kati yao walitoka hospitali wakiwa hai. Hakuna mtu mzima aliyejitolea damu yake akafa, ingawa mama mmoja aliumia ubongo baada ya hewa kuingia kwenye mishipa yake. Historia ya tiba hupenda kuhesabu majina ya madaktari. Katika sura hii, wazazi waliokubali kulala kando ya watoto wao wanastahili kutajwa kwanza.

Kwa nini valvu izungumzwe? Pampu ya mkono ya kisima cha kijijini inaeleza. Pistoni inapopanda, maji hupanda, na inaposhuka maji yangerudi kisimani kama kusingekuwa na kilango kinachojifunga chini yake. Moyo wa mtu mzima nao una valvu nne zinazofanya kazi hiyo. William Harvey, Mwingereza aliyeuthibitishia ulimwengu mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini, alijenga sehemu kubwa ya hoja yake juu ya vilango vidogo vilivyomo kwenye mishipa ya vena, vinavyoiruhusu damu kwenda upande wa moyo tu. Tangu hapo ikawa vigumu kufikiria pampu ya damu isiyo na valvu.

Aliyethubutu kufikiria hivyo ni daktari wa Kijerumani, Gerhart Liebau. Alikuwa ameona wagonjwa ambao valvu zao zilivuja vibaya, lakini wakaishi miaka mingi bila dalili kubwa. Kama valvu ndiyo kila kitu, watu hawa wanaishije? Akachukua mrija laini wa mpira, akauunganisha na mirija mingine isiyotanuka kama huo, akaujaza maji, kisha akaubinya kwa mdundo mahali pasipo katikati. Maji yakaenda upande mmoja na kuendelea kwenda. Kila mbinyo hutuma mawimbi kwenye pande zote mbili za mrija. Mawimbi hayo hugonga miisho na kurudi kwa nyakati tofauti, na yanapokutana husukuma maji kuelekea upande mmoja. Ukiubadilisha mdundo, mwelekeo wenyewe unaweza kugeuka. Liebau alichapisha ugunduzi huo mwaka 1954, mwaka uleule wa Gregory na baba yake.

Kila binadamu amewahi kutegemea moyo usio na valvu. Takriban wiki tatu baada ya mimba kutungwa, moyo wa kiumbe tumboni huanza kudunda ukiwa bomba tupu, na damu husonga wiki kadhaa kabla ya valvu kukamilika. Kwa muda mrefu vitabu vilisema bomba hilo husukuma damu kwa kujiminya kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2006, watafiti waliofanya kazi na Mory Gharib katika taasisi ya Caltech, California, waliuchunguza moyo wa samaki mdogo aitwaye samaki pundamilia, ambaye mwili wake ukiwa mchanga hupenyeza mwanga. Walichokiona kilifanana zaidi na mrija wa Liebau: mawimbi yanayorudi nyuma na damu inayofyonzwa. Mjadala haujaisha, lakini Liebau alikuwa ameona mbali.

Huku nyuma, upasuaji ulikuwa umejipatia pampu yake isiyo na valvu. Mwaka 1934, Michael DeBakey, akiwa bado kijana huko New Orleans, alitengeneza pampu ya roli ya kuongezea wagonjwa damu. John Gibbon aliitumia kwenye mashine yake ya moyo na mapafu, na Mei 6, 1953, huko Philadelphia, mashine hiyo ikafanya kazi ya moyo wa msichana wa miaka 18 wakati wa upasuaji, naye akapona.

Pampu ya aina hiyo bado ipo kwenye vyumba vya upasuaji duniani kote. Mrija wa plastiki hulazwa ndani ya kitako cha chuma chenye umbo la nusu duara, na roli mbili huzunguka zikiukandamiza kwa zamu. Mtaalamu wa mashine hurekebisha nafasi kati ya roli na kitako kwa umakini mkubwa. Ikibana mno, chembe nyekundu za damu husagika, na ikilegea mno, damu hurudi nyuma. Kwa mtoto kazi ni ngumu zaidi. Kichanga wa kilo 3 ana takriban mililita 250 tu za damu mwilini, hivyo mirija lazima iwe mifupi na myembamba, la sivyo damu yake itachujuka kwa maji ya mashine.

Wapo pia watoto wanaozaliwa na chemba moja tu ya moyo yenye nguvu. Mwaka 1968, Francis Fontan wa Bordeaux, Ufaransa, alianza kuielekeza damu ya vena moja kwa moja kwenye mapafu, bila kupita kwenye chemba ya kuisukuma. Mwanzoni aliweka valvu njiani, akiamini ni lazima. Baadaye madaktari waliziacha na watoto wakaendelea kuishi, damu ikifika mapafuni kwa shinikizo la vena na kwa msaada wa pumzi. Miaka inapopita mzunguko huo huchoka. Ndiyo maana Mark Rodefeld na wenzake wa Indianapolis walibuni kisukumaji kidogo kisicho na valvu kinachozungukia pale vena zinapokutana, na kikizima hakiizuii damu kupita. Bado ni chombo cha utafiti.

Afrika Mashariki ilianza upasuaji wa kufungua moyo kwa nyakati tofauti. Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ilianza kufungua mioyo mwaka 1973. Tanzania kwa miaka mingi iliwapeleka watoto wake India na kwingineko. Shirika la Save a Child's Heart, lililoanzishwa Israel mwaka 1995 na daktari Ami Cohen, limewapasua watoto wengi wa Tanzania Bara na Zanzibar. Cohen mwenyewe alifariki mwaka 2001 akipanda Mlima Kilimanjaro. Daktari Godwin Godfrey wa hospitali ya Bugando, Mwanza, alikwenda Israel kusomea upasuaji wa mioyo ya watoto kwenye shirika hilo na kurudi kuufanya nyumbani. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI.

Kwa hiyo pampu ipo nchini. Kwa familia ya Shelui, wilayani Iramba, mkoani Singida, kigumu kilichobaki ni kuifikia. Mabasi ya Mwanza na Dar es Salaam hupita hapo hapo barabarani, karibu na mlima wa Sekenke, lakini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700. Kabla ya safari hiyo kuna zahanati, hospitali ya wilaya iliyoko Kiomboi, Singida mjini, pengine na Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa nayo ina huduma za kibingwa za moyo.

Safari huanza pale mtu anapotilia shaka. Mtoto mwenye tundu la moyo hutokwa jasho akinyonya, huacha ziwa kila mara ili avute pumzi, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi. Mwingine midomo na kucha hugeuka rangi ya bluu anapolia. Mara nyingi mama huambiwa ni nimonia, hupewa dawa, hurudi nyumbani, na miezi hupita. Kinachokata shaka ni kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ambacho zahanati haina. Wataalamu wa JKCI wamekuwa wakienda mikoani kwa huduma ya tiba mkoba, wakipima watoto na watu wazima, na wanaohitaji upasuaji huandikiwa rufaa kwenda Dar es Salaam.