Kabla ya kuacha kazi na kusomea uuguzi: Mwongozo kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

BANDARI na hoteli ndizo zilizowalea wakazi wengi wa Mombasa bara, na ndizo pia zilizowafunza kwamba ajira ya Pwani haina mdhamini. Mwaka wa 2014, Uingereza ilipowatahadharisha raia wake dhidi ya kuzuru eneo hili, wafanyakazi wa hoteli za Bamburi na Shanzu walirudishwa nyumbani kwa mamia. Mwaka wa 2019 serikali iliagiza mizigo inayoelekea bara ibebwe kwa reli ya kisasa. Makarani wa uwakala wa forodha na madereva wa malori waliandamana jijini hadi agizo hilo likasitishwa mwezi wa Oktoba. Kisha ikaja corona mwaka uliofuata.

Si ajabu, basi, kwamba mtu aliyevuka umri wa miaka 30 huanza kuitamani kazi ambayo haitegemei meli wala watalii, na uuguzi huwa miongoni mwa zile zinazotajwa kwanza. Makala haya yamekusudiwa mtu wa aina hiyo. Jambo la msingi analopaswa kufahamu ni kwamba safari hii huamuliwa na karatasi kabla ya kuamuliwa na moyo. Wapo wanaoacha kazi na kulipa karo, ndipo wagundue baadaye kwamba cheti chao cha kidato cha nne hakiwaruhusu kusajiliwa, au kwamba chuo chao hakitambuliwi.

Tuanze na cheti hicho. Ili kusomea stashahada ya uuguzi, Baraza la Wauguzi la Kenya hutaka gredi ya wastani ya C katika mtihani wa KCSE. Ndani ya gredi hiyo, mwombaji awe na C ya Kiingereza au Kiswahili, C ya Biolojia, na angalau C- katika Kemia, Fizikia au Hisabati. Kwa shahada, wastani ni C+, na masomo yanayohusika yawe na C+ vilevile. Hapa ndipo wengi huanguka. Mtu anaweza kuwa na wastani wa B na stashahada ya uchukuzi au uhasibu juu yake, lakini ikiwa Biolojia yake ilikuwa D+, mlango umefungwa. Uzoefu wa miaka 10 katika afisi ya forodha hauzibi pengo la somo moja.

Aliyekosa gredi hana budi kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, kupitia kituo kilichosajiliwa na Baraza la Mitihani, KNEC. Masomo ya sayansi yana mtihani wa maabara, kwa hiyo atafute kituo chenye maabara na mwalimu wa kumwelekeza, wala asidhani kwamba kusoma vitabu usiku baada ya kazi kutamtosheleza. Mwaka mmoja wa kurudia mtihani huku mshahara ukiendelea kuingia una nafuu kubwa kuliko miaka mitatu katika chuo kisicho na mwisho.

Kuhusu vyuo, mkazi wa bara ana bahati ambayo wenzake wa kaunti nyingi hawana. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu nchini, KMTC, kina mabewa mawili katika Kaunti ya Mombasa: moja kisiwani, karibu na Hospitali Kuu ya Pwani, na jingine Port Reitz, upande wa Changamwe. Msambweni na Kilifi nako kuna mabewa yake, na Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi hufundisha uuguzi kwa kiwango cha shahada. Kozi hutofautiana kutoka bewa moja hadi jingine, hivyo mwombaji asome orodha ya kozi za bewa analolilenga kabla ya kulitaja. Katika miaka ya karibuni nafasi za KMTC zimekuwa zikitolewa kupitia mtandao wa KUCCPS, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, huwakopesha wanafunzi wa KMTC.

Hatari iko kwingineko. Ukipita barabara za Kisauni na Likoni utaona mabango yanayotangaza mafunzo ya "uuguzi" ya miezi sita, au kozi za usaidizi wa wagonjwa na utunzaji wa wazee. Baadhi ya kozi hizo zina manufaa yake kwa anayetaka kazi ya kutunza watu majumbani. Hata hivyo, hazimfanyi mtu kuwa muuguzi, wala hazimpi haki ya kufanya mtihani wa leseni. Baraza la Wauguzi huchapisha orodha ya vyuo lililoviidhinisha, na kuisoma hakugharimu chochote. Chuo kisichokuwa katika orodha hiyo kisilipwe hata shilingi ya fomu, hata kama mkuu wake anaapa kwamba idhini iko njiani.

Wengine husikia kwamba uuguzi unaweza kusomewa kwa intaneti huku mtu akiendelea na kazi. Uvumi huo una chanzo. Mwaka wa 2005, shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha mafunzo ya kompyuta, lakini yalikuwa ya kuwapandisha hadi stashahada wauguzi wenye cheti, watu waliokuwa tayari wodini. Anayeanza upya husoma siku nzima, na sehemu kubwa ya mafunzo yake hufanyika hospitalini, zikiwemo zamu za usiku. Stashahada huchukua takriban miaka mitatu. Shahada miaka minne, kisha mwaka wa mafunzo ya kazini.

Hesabu ya umri, kwa hivyo, ifanywe bila haya. Watumishi wa umma hustaafu wakiwa na miaka 60 tangu kiwango hicho kilipopandishwa kutoka 55 mwaka wa 2009. Anayejiunga na chuo akiwa na miaka 35 atahitimu akikaribia 39, na kubakiwa na miaka ipatayo 20 ya kazi. Si muda mfupi. Kwa mwenye miaka 48, mimi ningemshauri afikirie mara mbili, hasa ikiwa karo ni ya kukopa.

Wala mtu asidanganywe kwamba leseni ni sawa na ajira. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka wa 2020 kwamba dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.9, na bado nchini Kenya wapo wauguzi wenye leseni wasiokuwa na kazi. Wodi zinawahitaji, ila bajeti za kaunti haziwaajiri. Tangu ugatuzi wa mwaka wa 2013, hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa kaunti, na mgomo wa wauguzi wa mwaka wa 2017 ulidumu takriban miezi mitano. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwezi wa Julai 2021, lakini anayetaka njia hiyo hukabiliwa na mtihani wa Kiingereza na mitihani ya baraza la wauguzi la huko.

Ikiwa baada ya hayo yote nia ingalipo, maandalizi yaanze angali kazini. Kwanza ajipime. Mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu, au kazi ya mhamasishaji wa afya ya jamii ambaye huzuru nyumba za majirani zake, humwonyesha mtu mapema iwapo anaweza kustahimili damu, harufu ya kidonda na hasira za jamaa wa mgonjwa. Mwanamume naye afahamu kwamba stashahada ya uuguzi hujumuisha ukunga, na kwamba atatakiwa kuwazalisha akina mama kama wenzake wa kike. Bora kuyazungumza hayo na mkewe na wazazi mapema.

Pili, hesabu. Aliyeacha shule miaka 15 iliyopita huogopa majina ya Kilatini ya mifupa, kumbe kinachomtoa jasho ni kugawanya na kuzidisha. Chukua mfano wa dawa ya maji ya paracetamol yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto akiagiziwa miligramu 180, utagawanya 180 kwa 120, uzidishe kwa 5, upate mililita 7.5. Au maji ya mshipani, lita moja ya kuingia kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita: ni matone 20,000 kwa dakika 480, yaani matone 42 hivi kwa dakika. Anayefanya hesabu mbili za aina hii kila jioni kwa miezi mitatu atajiunga na darasa akiwa mbele ya vijana wengi waliomaliza shule juzi.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo isisahauliwe. Hutolewa mara tatu katika muda wa miezi sita, kwa hiyo anayengoja hadi siku ya kuripoti ataingia wodini kabla ya kinga kukamilika.

Suala la usafiri linaonekana dogo, lakini mkazi wa Likoni anayesomea kisiwani analijua uzito wake. Zamu ya asubuhi hupokezwa mapema, na feri haimsubiri mwanafunzi wala haimwombei radhi kwa msimamizi wa wodi. Barabara ya Dongo Kundu sasa inauunganisha upande wa kusini na ule wa Miritini na Changamwe bila kuvuka kivuko, hivyo kwa baadhi ya wakazi wa Likoni bewa la Port Reitz huenda likawa na nafuu. Ni vyema kuisafiri njia hiyo alfajiri ya siku ya kazi, na kulipa nauli yenyewe, kabla ya kuchagua bewa. Mwenye watoto wadogo apange pia ni nani atakayelala nao usiku wa zamu.

Kuhusu fedha, aombe chuo orodha kamili ya malipo: karo, sare, bima, malazi, ada za Baraza na nauli za kwenda hospitali za mafunzo. Wengi huweka akiba ya karo pekee na kukwama mwaka wa pili kwa sababu ya nauli na kodi ya nyumba.

Barua ya kujiunga ikishafika na masomo kuanza, kuna jambo moja la kufuatilia katika majuma ya kwanza: chuo kiwasilishe jina lake kwa Baraza la Wauguzi ili apewe nambari ya usajili wa mwanafunzi. Bila nambari hiyo hataruhusiwa kufanya mtihani wa leseni. Aiulizie mwenyewe afisini, na aione kwa macho yake.