Mila na millet

Neno "mila" lina ndugu yake Uturuki: millet. Yote mawili yametoka katika neno la Kiarabu, milla, yaani dini na wafuasi wake. Kiswahili kililipeleka kwenye desturi, ingawa tafsiri za Kurani bado zinasema "mila ya Ibrahimu". Kwa Waturuki, millet ilikuwa jumuiya ya kidini chini ya dola ya Osmani. Leo ni taifa.

Baadhi ya sinema zao maarufu huchanganya maana hizo mbili. Fetih 1453, ya mwaka 2012, inaanzia Madina, kwenye bishara ya Mtume kuhusu kutekwa kwa Konstantinopoli. Mwishoni Sultani Mehmed wa Pili anaingia Hagia Sophia, anawaahidi Wakristo waliojificha humo uhuru wa ibada, kisha anampakata mtoto wao mmoja. Taifa linajionyesha kuwa lenye nguvu na lenye huruma, tena la Kiislamu.

Sinema nyingine, Vizontele ya mwaka 2001, inaitazama nchi kutoka mji mdogo: televisheni ya kwanza ya wakazi wake inawaletea habari za kijana wao aliyefia vitani Kupro. Hiyo ndiyo inayolieleza taifa kwa ukweli zaidi.