John Thompson: Kocha aliyetetea masomo ya wachezaji

JOHN Thompson (1941-2020) alinoa timu ya mpira wa vikapu ya Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, kuanzia 1972 hadi 1999. Aliirithi ikiwa imeshinda mechi 3 kati ya 26 za msimu uliotangulia, akaiachia ushindi 596. Mwaka 1984 alikuwa kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza la vyuo nchini humo. Wanafunzi wake ni pamoja na Patrick Ewing na Dikembe Mutombo kutoka Kongo.

Januari 1989 aliondoka uwanjani mechi ikikaribia kuanza, akipinga kanuni ya kuwanyima ufadhili wachezaji wapya wasiofikisha alama zilizowekwa. Alihofia ingewafungia mlango wana wa maskini. Kanuni hiyo ililegezwa 1990.