Ukingo wa Paji: Historia ya Upandikizaji wa Nywele na Sura ya Kike

Kiswahili humtaja mtu kwa neno "yeye" bila ya kubainisha kama ni mwanamume au mwanamke. Mzungumzaji aweza kuhadithia habari za jirani yake tangu asubuhi hadi jioni, na msikilizaji asijue jinsia ya jirani huyo mpaka itajwe kwa makusudi. Kiingereza hakina stahamala hiyo. Humtaka mzungumzaji achague tangu sentensi ya kwanza, naye huchagua kwa kuutazama uso. Kwa wanawake waliozaliwa na maumbile ya kiume na baadaye wakabadili jinsia katika nchi kama Marekani, hukumu hiyo ya mpita njia mara nyingi imekuwa nzito kuliko cheti chochote cha serikali. Yaweza kuamua kama mtu atapata kazi, atahudumiwa kwa heshima, au atafika nyumbani salama.

Miongoni mwa mambo ambayo jicho huyapima upesi bila ya mwenyewe kutambua ni ukingo wa nywele juu ya paji la uso. Kwa wanawake wengi ukingo huo ni wa mviringo na hukaa kiasi cha sentimita 5 hadi 6 juu ya nyusi. Kwa wanaume, baada ya kubaleghe, nywele hurudi nyuma pande mbili na kuacha mapanja, hata ukingo ukafanana na herufi M. Mwanamume hahitaji kuwa na upara ili awe na mapanja. Ni alama ya utu uzima wa kiume kama zilivyo ndevu na sauti nzito. Ndevu huweza kuondolewa na sauti huweza kufunzwa. Panja, hata hivyo, ni pahala palipokwisha kupoteza kitu, na kurudisha kilichopotea ni kazi ya namna nyingine. Kazi hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya wanawake hao. Wao waliirithi elimu iliyotafutwa kwa sababu nyingine kabisa, na namna walivyoirithi ndiyo historia yenyewe.

Mwanzo wa elimu hiyo ni wa kale. Katika maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates, tabibu wa Uyunani, imeelezwa kwamba matowashi hawaoti upara. Aristotle naye aliliona jambo hilo. Wahenga hao walijua kwamba upara una uhusiano na uanaume, lakini hawakujua uhusiano huo unapita njia gani. Jibu lilichelewa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1942, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, James Hamilton, alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya wanaume waliohasiwa au ambao miili yao haikupata kubaleghe. Aliona kwamba hawakuwa na upara. Lakini walipopewa homoni ya kiume, testosteroni, wale waliotoka katika koo zenye upara walianza kupoteza nywele. Homoni ilipositishwa, upotevu nao ulisita, ila nywele zilizokwisha kwenda hazikurejea kama zilivyokuwa.

Matokeo hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuja kuwa na maana kubwa kwa wanawake waliobadili jinsia. Anayetumia estrojeni pamoja na dawa za kuzuia homoni za kiume huweza kuulinda ukingo aliobaki nao, na baadhi ya nywele zilizodhoofika hupata nguvu tena. Lakini pale ambapo vinyweleo vimekwisha kusinyaa kwa miaka mingi, homoni pekee haziwezi kuufukia mwanya. Aliyeanza matibabu akiwa na umri wa miaka 18 na aliyeanza akiwa na miaka 45 hawasimami mbele ya kioo kimoja.

Wakati Hamilton akichunguza sababu, Wajapani walikuwa tayari wameshika kisu. Mwaka 1939, daktari wa ngozi Shoji Okuda alichapisha maelezo ya namna alivyovipandikiza vipande vidogo vya ngozi yenye nywele mahali palipokuwa na makovu, kichwani na hata kwenye nyusi. Mwaka 1943, mwenziwe Hajime Tamura alieleza kazi ya kupandikiza unywele mmoja mmoja. Na inafaa ikumbukwe kwamba waliotibiwa naye walikuwa wanawake, waliokosa nywele za sehemu za siri. Alikwisha kutambua kwamba kipandikizi kikiwa chembamba ndivyo kinavyoonekana cha asili. Vita vya Pili vya Dunia vikayafunika maandishi hayo, na madaktari wa Magharibi hawakuyajua kwa muda mrefu. Laiti yangalisomwa mapema, watu wengi wangaliepushwa na vichwa vilivyoharibiwa katika miongo iliyofuata.

Mwaka 1952 yalitokea mambo mawili yaliyohusu jiji moja la New York. Daktari Norman Orentreich alianza kupandikiza nywele kutoka kisogoni kwenda mbele ya kichwa cha mwanamume mwenye upara. Na mwezi wa Desemba, gazeti la jiji hilo lilitangaza habari za Christine Jorgensen, mzaliwa wa mtaa wa Bronx na askari wa zamani, aliyetibiwa Denmark na kuwa mwanamke. Habari hizo zilizagaa duniani. Mambo hayo mawili yalikaa jirani kwa miaka mingi bila ya kujuana.

Alichokithibitisha Orentreich katika makala yake ya mwaka 1959 ni kanuni ambayo mpaka leo ndiyo nguzo ya kazi hii: unywele hufuata tabia ya mahali ulikotoka, si mahali ulikohamishiwa. Nywele za kisogoni hazidhuriwi na homoni za kiume kama za utosini, na zinapohamishwa huhama na uhodari wake. Kanuni ilikuwa sahihi, lakini chombo kilikuwa kikubwa. Vipande vilivyokatwa vilikuwa na upana wa milimita 4 hivi, na nywele zikasimama kwa mafungu yenye nafasi katikati, mithili ya kichwa cha mwanasesere. Mwanamume aliweza kuvumilia, au kuvaa kofia. Kwa mwanamke aliyetaka asitambulikane kwa alama yoyote, mafungu hayo yalikuwa alama mpya juu ya ile ya zamani.

Mnamo 1966 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilifungua kliniki ya watu wanaotaka kubadili jinsia, na mwaka huo huo Harry Benjamin alichapisha kitabu chake juu ya watu hao. Fikra za madaktari wakati huo zilielekea zaidi kwenye viungo vya uzazi, yaani kile kinachositirika na nguo, na uso ulipewa nafasi ndogo. Kliniki ya Johns Hopkins ilifungwa mwaka 1979, na sehemu kubwa ya kazi hii ikaangukia mikononi mwa madaktari wa binafsi. Huko ndiko swali la uso lilikoulizwa kwa dhati.

Mwaka 1982, mjini San Francisco, daktari Douglas Ousterhout, bingwa wa upasuaji wa fuvu na uso, aliombwa kumsaidia mwanamke aliyekwisha kubadili jinsia lakini akaendelea kuonekana mwanamume kwa sababu ya sura yake. Ousterhout hakuwa na kitabu cha kufuata. Alirejea kwenye tafiti za wanaanthropolojia na kwenye mafuvu yaliyohifadhiwa, akalinganisha ya wanaume na ya wanawake. Mwaka 1987 alichapisha makala juu ya kulainisha mfupa wa paji la uso. Mkato wa upasuaji wake uliweza kupitishwa kwenye ukingo wa nywele, na ngozi ya kichwa ikavutwa mbele ili ukingo ushuke. Njia hiyo hufupisha paji kwa siku moja, ila ina mipaka yake: hushusha sehemu ya katikati, wala haiyazibi mapanja vizuri. Umbo la M huteremka lakini hubaki M. Hapo ndipo upandikizaji ulipohitajiwa.

Kwa bahati, chombo nacho kilikuwa kinabadilika. Kuanzia 1988, Bobby Limmer wa San Antonio, Texas, alitumia hadubini kupasua ngozi ya kisogoni na kutenga mafungu ya asili ya nywele 1 hadi 4 jinsi yanavyoota. Mwaka 1995 Robert Bernstein na William Rassman waliifanya njia hiyo kuwa utaratibu kamili, na mwaka 2002 wakatoa maelezo ya kung'oa kila fungu peke yake bila ya kukata ukanda wa ngozi. Ile hekima ya Tamura ya 1943 ikawa imerejea kwa njia ya mzunguko.

Upande wa dawa nao una kisa chake. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za watoto wa Jamhuri ya Dominika waliolelewa kama wasichana, na walipobaleghe miili yao ikawa ya kiume. Walikosa kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa na nguvu zaidi, na walipokuwa watu wazima hawakuwa na mapanja. Kutokana na elimu hiyo ilitengenezwa finasteride, iliyoidhinishwa Marekani kwa maradhi ya tezi dume mwaka 1992 na kwa upara mwaka 1997. Dawa ambayo mamilioni ya wanaume huimeza ili kulinda nywele zao imetokana na watu ambao jamii ilishindwa kuwaweka katika fungu moja la jinsia.

Hata hivyo, chombo kizuri hakitoshi pasipo jicho. Mpandikizaji aliyezoea wanaume hufunzwa kuacha mapanja kwa makusudi, kwa kuwa mwanamume wa miaka 50 mwenye ukingo wa mtoto huonekana kituko. Daktari huyo akimchorea mwanamke ukingo kwa mazoea ya mkono wake, atakuwa amempandikizia uanaume kwa gharama ya mwenyewe. Ukingo wa kike hutaka mviringo usionyooka sana, unywele mmoja mmoja mstari wa mbele, na mwelekeo unaofuata nywele za asili. Kuziba mapanja na kushusha ukingo huweza kuhitaji vipandikizi 1,500 hadi 3,000, na kisogo hakitoi bila ya kikomo. Kinachochukuliwa hakioti tena kule kilikotoka. Ndiyo maana madaktari wengi hushauri homoni zitumike kwanza kwa muda wa mwaka hivi, ili ijulikane mwili utarudisha nini wenyewe, kabla ya kuigusa akiba hiyo.

Liliobaki ni swali la nani alipe. Mwaka 2014 bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu iliondoa katazo lake la jumla juu ya upasuaji wa kubadili jinsia, lakini nywele ziliendelea mara nyingi kuhesabiwa kuwa pambo. Mwongozo wa kimataifa wa matibabu hayo uliotolewa mwaka 2022 umeuorodhesha ushushaji wa ukingo na upandikizaji wa nywele miongoni mwa upasuaji wa uso. Kati ya mwongozo na mkoba pana masafa, na wengi wameyakata kwa kupanda ndege kwenda Istanbul, ambako kazi hii ni rahisi zaidi, ingawa huko pia wateja wengi ni wanaume na mikono imezoea mapanja.

Neno "pambo" ndilo kiini cha mgogoro. Mwanamume mwenye upara hubaki mwanamume machoni pa watu. Anachotaka kurudishiwa ni ujana wake. Mwanamke aliyebadili jinsia hataki kurudishiwa chochote alichowahi kuwa nacho akiwa mtu mzima. Anataka aliyeketi mkabala naye ndani ya basi amtazame mara moja, asiutafute uso wake mara ya pili. Kisogo ni kile kile na kisu ni kile kile, na bei pia ni ile ile. Lakini haja mbili hizi hazilingani, na bima zinazozipima kwa mizani moja bado hazijaisoma historia hii vyema.