Masharubu ya Kuchangia Wagonjwa

Leo nakupeleka Shangani. Ipo nyumba pale ambayo watalii hawaishi kupiga picha mlangoni kwake. Tangu Novemba 2019 ni makumbusho ya Freddie Mercury, yaani Farrokh, mtoto wa Bwana Bomi Bulsara, Mparsi aliyekuwa keshia wa Mahakama Kuu enzi za Mwingereza. Alizaliwa hapa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akasomeshwa Bara Hindi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza.

Alipofariki London kwa Ukimwi, tarehe 24 Novemba 1991, alikuwa tajiri. Wengi waliokufa kwa maradhi hayo miaka ile hawakuwa na kitu. Kulikuwa na wanaume waliopenda wanaume ambao walifukuzwa kazi, wakafukuzwa nyumba, na ndugu wakawakimbia hata wakakosa wa kuwapa maji. Kijana mmoja, Terry Higgins, alifariki London Julai 1982, na rafiki zake wakaanzisha chama kwa jina lake ili wengine wasife peke yao. Wimbo mkubwa wa Freddie, Bohemian Rhapsody, ulipotolewa upya Desemba 1991, mapato yake yalipita pauni milioni moja na yakaenda kwa chama hicho.

Aprili 1992 watu wapatao 72,000 walijaa Wembley kumkumbuka, na wenzake wa bendi ya Queen wakaunda mfuko wa kupambana na Ukimwi duniani, Mercury Phoenix Trust. Hapo ndipo ulipotoka ule mchezo ninaoupenda. Inapofika siku yake ya kuzaliwa, karani mzima anaingia ofisini na koti la manjano na masharubu ya bandia. Wenzake wanamcheka mpaka machozi, halafu wanaingiza mikono mifukoni. Pesa zinakwenda kwenye mfuko.

Utasema hayo ni mambo ya Wazungu. Hebu ngoja! Nani kati yetu hajaona mwanamke akinyanyuka katika taarab, anakwenda kwa madaha, noti juu, mpaka mbele ya mwimbaji? Tunaita kutunza. Bibi zetu wa Nuru l-Uyuni na Sahib el-Arri walishona sare, wakapigana vijembe vya nyimbo, na huku wakichangiana harusi na misiba. Na katika ngoma hizo za wanawake mashoga walikuwapo, wakicheza na kupamba maharusi. Wazee wanajua, ingawa siku hizi hawapendi kuulizwa.

Sasa tufike Septemba 2006. Mkahawa mmoja karibu na bandari, uliochukua jina la Mercury, ulipanga sherehe ya ufukweni ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwake. Haikuwa ya kuchangisha, ilikuwa sherehe tu. Jumuiya ya Uamsho ikapinga, ikisema ni kumtukuza mtu aliyekwenda kinyume na maadili ya Kiislamu. Miaka miwili nyuma, mwaka 2004, Zanzibar ilikuwa imekwishaongeza makali ya sheria yake dhidi ya watu wa namna hiyo. Sherehe ikafutwa.

Mimi ni Mwislamu, na sikatai mtu kuitetea dini yake. Lakini wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walitambuliwa hapa Unguja mwaka 1986, na mtu anayeogopa kujulikana haendi Mnazi Mmoja mpaka abebwe. Kama ni maskini, nani atamchangia nauli, na atamwambia anaumwa nini?

Septemba iliyopita nilimkuta kijana muuza kofia pale mlangoni akimtazama mtalii mwenye masharubu ya karatasi. Akaniuliza, "Kaka, huyu mzima kweli?" Nikamweleza habari za mchango.

Akafikiri kidogo. "Kumbe anatunza," akasema, akamfuata na kofia zake.