Shule Zilizofunguliwa na Wazazi

Januari ikifika, wazazi wa Kiambu huhangaika madukani wakitafuta sare, viatu na madaftari, na gumzo lote ni karo. Nilifundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu, kwa hiyo wasiwasi huo naujua vizuri. Lakini nchi hii yetu ya milima iliwahi kuona kufunguliwa kwa shule kulikowagharimu wazazi zaidi ya fedha. Vijana wengi ninaozungumza nao hawajasikia habari hizo, ingawa baadhi yao wanasoma katika viwanja vilevile.

Mambo yalianza mwaka 1929. Misheni za Kiprotestanti, yaani Church of Scotland Mission, Africa Inland Mission ya Kijabe na Gospel Missionary Society ya Kambui, ziliwataka walimu na waumini waahidi kwa sahihi au kwa kidole gumba kwamba wanaukataa ukeketaji wa wasichana na kwamba wamejitenga na chama cha Kikuyu Central Association. Watu waliliita tamko hilo kirore. Mwalimu aliyekataa alifukuzwa kazi, na katika vituo vingi watoto wa waliokataa hawakukubaliwa tena darasani.

Ukeketaji umewaumiza wasichana wetu, wengine umewaua, na sheria ya 2011 iliyoupiga marufuku nchini Kenya naiunga mkono kwa moyo wote. Waliokataa kirore hawakuwa na sababu moja. Wapo waliokuwa wakiitetea mila yenyewe, na hao siwaungi mkono. Lakini wapo pia waliokuwa wameshaona mashamba yakichukuliwa na walowezi, na sasa waliona wageni haohao wakitaka kushika ufunguo wa elimu na kuamua ni mtoto wa nani atakayeingia na wa nani atakayebaki nje. Jibu lao lilikuwa kujenga shule zao wenyewe, na jibu hilo ndilo ninaloliheshimu.

Basi mwanzoni mwa 1930 watoto walikuwa nyumbani, na walimu waliofukuzwa walikuwa vijijini bila kazi. Wazazi wakawakutanisha. Mahali pengine masomo yalianza chini ya mti, pengine katika nyumba ya mtu, na mengi ya majengo yaliyofuata yalikuwa darasa siku za wiki na kanisa Jumapili. Ruzuku ya serikali haikuwapo, na kibali cha kiwanja kilipatikana kwa shida, hasa pale chifu alipokuwa upande wa misheni.

Nyanya yangu alikuwa msichana mdogo wakati huo. Alinisimulia kwamba katika shule yao siku ya kufungua hakuna aliyekwenda mikono mitupu. Wanaume walibeba miti ya kujengea, wanawake mafungu ya nyasi za kuezekea na maji ya kukandia udongo wa kuta. Watoto waliponda udongo kwa miguu mpaka ukalainika, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao ya kwanza shuleni. Karani wa kamati alikaa kwenye kigoda na daftari mapajani, akiandika jina la kila nyumba na kilicholetwa. Uji ulipikwa hapohapo. Mwalimu alipoanza kufundisha irabu, ukuta mmoja ulikuwa bado haujakandikwa, na mama zao walisikiliza kutoka nje huku wakiendelea na kazi. Nyanya alisema baadhi ya mama hao walijifunza kusoma siku hizo, wakiwa na udongo mikononi.

Mwaka 1934, huko Gituamba, Murang'a, shule nyingi ziliungana chini ya Kikuyu Independent Schools Association, iliyojulikana zaidi kwa kifupi chake, KISA. Huku Kiambu nguvu ilikuwa ya kundi la Karing'a, wenye msimamo mkali zaidi, ambao hawakutaka serikali iguse shule zao. KISA walikubali mwaka 1936 kufuata mtaala wa serikali. Walichogombania sana ni Kiingereza: wazazi walitaka kianze kufundishwa mapema, maana waliona wazi kwamba kazi, mahakama na baraza vyote viliendeshwa na wanaokijua.

Kilichokosekana ni walimu. Ndiyo maana Januari 1939 kilifunguliwa Chuo cha Walimu cha Githunguri, kikiongozwa na Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka Marekani baada ya kusoma Hampton, Ohio Wesleyan na Columbia. Fedha za Githunguri zilichangwa kwa njia ambayo kila Mgikuyu aliielewa, yaani kwa rika. Waliotahiriwa mwaka mmoja walichanga pamoja, na hakuna rika lililotaka kuonekana limeshindwa na jingine. Wanawake nao walichanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Nyanya aliweka risiti yake ya mchango huo ndani ya mkebe wa majani ya chai, imeandikwa kwa penseli ya zambarau, shilingi mbili. Shilingi mbili zilikuwa jasho la siku kadhaa kwenye shamba la kahawa la mzungu, na yeye wakati huo hakuwa na binti hata mmoja wa kulala bwenini.

Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 aliingia Githunguri na kuwa mkuu wa chuo. Fedha zilikuwa tatizo lisilokwisha. Kisha ikaja ripoti ya kamati ya Leonard Beecher ya 1949, iliyotaka watoto wengi wa Kiafrika waishie miaka minne ya kwanza ya shule na usimamizi uongezwe. Wenye shule za kujitegemea waliikataa, wakiona wanarudishwa kulekule walikotoka.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, Kenyatta akakamatwa, na muda si mrefu serikali ikaanza kuzifunga shule hizo kwa madai kwamba zinaeneza uasi wa Mau Mau. Januari 1953 maelfu ya watoto hawakuwa na pa kwenda. Baadhi ya shule zilifunguliwa tena baadaye chini ya misheni au bodi za elimu za wilaya. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi wa Manguo, shule ya Karing'a huko Limuru, na alieleza jinsi mtoto aliyesikika akisema Kigikuyu katika shule iliyofunguliwa tena alivyoadhibiwa. Githunguri haikufunguliwa tena. Majengo yaliyojengwa kwa michango ya marika, serikali iliyafanya mahali pa kunyongea watu. Nimelisimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara sauti yangu ilinigomea.

Baada ya uhuru, shule za harambee za miaka ya 1960 na 1970 zilijengwa kwa namna ileile ya miti, mawe na daftari la karani. Wengi walioketi kwenye kamati zake walikuwa watoto wa wale waliokanda kuta.

Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu shule hizi imeandikwa na maofisa waliozifunga. Maneno ya wazazi wenyewe yako katika madaftari ya kamati, orodha za wanafunzi na risiti zilizobaki kwenye masanduku ya wazee, na mchwa hawangoji. Kama nyumbani kwenu kuna karatasi ya namna hiyo, usiichome wakati wa kusafisha nyumba baada ya mazishi. Ipige picha, andika nyuma yake jina la mwenyewe na la shule, kisha ipeleke Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Risiti ya nyanya yangu naipeleka huko mimi mwenyewe.