Ni Nani Aliyeila Theluji ya Kilimanjaro?

Hapana mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki asiyelijua jina la Kilimanjaro. Mlima huo umo katika nchi ya Tanzania, lakini sisi wa Kenya twauona vizuri kutoka Loitokitok na Amboseli, nao huwapa maji watu wa pande zote mbili za mpaka. Urefu wake ni mita 5,895, na juu ya kilele chake, ingawa ikweta haiko mbali, pana theluji na barafu. Barafu hiyo yapungua. Jambo hilo halina ubishi, kwa kuwa limepimwa. Ubishi umo katika maswali yanayofuata: ni nani aliyeipunguza? Je, ni maumbile yenyewe, au ni mkono wa binadamu? Na kama ni mkono wa binadamu, ni wa binadamu yupi, naye yampasa atende nini?

Nakualika, msomaji, uketi katika kiti cha hakimu. Hakimu mwema hahukumu kwa ukubwa wa sauti, wala kwa wingi wa makofi. Huwasikiliza mashahidi mmoja mmoja, huyapima maneno yao, kisha ndipo hutoa hukumu.

Yafaa kwanza kujua kwamba habari za theluji hiyo zilianza kwa mabishano. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima kwa mbali ukiwa na weupe kileleni. Alimwuliza kiongozi wake wa njia weupe ule ni kitu gani, naye akajibu kwamba alidhani ni baridi. Jibu lilikuwa fupi, lakini halikuwa mbali na kweli. Mwaka uliofuata Johann Ludwig Krapf aliona theluji nyingine juu ya Mlima Kenya. Habari hizo zilipofika London, mwanajiografia mmoja, William Desborough Cooley, alikana katakata kwamba theluji yaweza kukaa mahali palipo karibu hivyo na ikweta. Alikuwa amesoma vitabu vingi, lakini mlima wenyewe hakuuona. Ubishi ulianza kupoa baada ya Karl Klaus von der Decken kwenda mlimani katika miaka ya 1861 na 1862 na kuthibitisha habari ile. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, wakaikanyaga barafu kwa miguu yao. Basi funzo la kwanza ni hili: aliyekwenda akaona na kupima astahili kusikilizwa kabla ya yule aliyekaa mbali akakisia.

Sasa tutazame vipimo. Ramani iliyotokana na safari ya mwaka 1912 yaonyesha kwamba barafu ya Kilimanjaro ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2007 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Yaani, kama barafu ile ya kwanza ingaligawanywa katika mafungu 100, mafungu 85 hivi yalikuwa yamekwisha kutoweka. Kilimanjaro si peke yake. Juu ya Mlima Kenya, barafu iitwayo Lewis imepimwa tangu mwaka 1934, na kufikia mwaka 2010 ilikuwa imepoteza karibu sehemu tisa katika kila kumi za ujazo wake. Katika milima ya Rwenzori, huko Uganda na Kongo, hali ni iyo hiyo.

Shahidi wa kwanza asimama upande wa maumbile. Huyu ni Georg Kaser wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, pamoja na wenzake. Katika mwaka 2004 walieleza kwamba barafu ya Kilimanjaro ilianza kupungua mnamo mwaka 1880, kabla viwanda vya dunia havijaijaza anga moshi mwingi. Wakati huo tabia ya nchi katika Afrika ya Mashariki ilibadilika ikawa kavu, na hata maziwa yetu makubwa yalipungua maji. Mvua na theluji zikawa chache, mawingu yakawa haba, na jua likaipiga barafu bila pazia. Tena walisema kwamba kule kileleni baridi ni kali, na kwa kawaida hewa haifikii joto la kuyeyusha barafu. Barafu nyingi hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, kama kafuri iliyoachwa wazi hupungua pasipo kulowesha kitu. Maneno hayo ni mazito, wala haifai kuyapuuza kwa sababu tu hayapendezi.

Shahidi wa pili ni Lonnie Thompson wa Marekani. Mwaka 2000 alipanda na wenzake, wakatoboa barafu ya kileleni na kutoa vipande virefu vya kuchunguzwa. Yeye alisema kwamba barafu hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 11,000, na kwamba zamani ilivumilia ukame wa miaka 300 isitoweke. Kama iliushinda ukame ule, kwa nini ishindwe na ukavu wa siku hizi, isipokuwa kuna jambo jipya lililoongezeka? Tena aliona kwamba barafu iliyo karibu na uso ina dalili za kuyeyuka, ambazo hazikuonekana katika barafu ya chini yake. Wako wataalamu wanaobishana naye juu ya umri huo. Hata hivyo, sisi wenyewe tuna ushahidi ulio karibu zaidi. Mvua kubwa za mwaka 1961 zililijaza Ziwa Viktoria hata maji yake yakapanda zaidi ya mita 1, lakini barafu ya mlimani haikurudi. Iliendelea kupungua.

Hapa sharti niseme neno juu ya kosa moja la upande huu, maana hakimu hana mpendwa. Katika mwaka 2002 Thompson na wenzake waliandika kwamba barafu ya Kilimanjaro huenda ikatoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Mwaka 2020 ulipita, na barafu ilikuwapo. Wale wasiopenda kusikia habari za joto la dunia wakashangilia, wakasema: mnaona, yote ni uongo! Lakini utabiri uliokosa siku haufuti vipimo vilivyo sahihi. Tabibu akisema mgonjwa atakufa Ijumaa, naye akaiona Jumapili, haina maana kwamba hana ugonjwa. Katika mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitaja barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya miongoni mwa zile zinazotazamiwa kutoweka kufikia mwaka 2050. Lakini sisi tunaojadili tujifunze kwamba chumvi nyingi huharibu mchuzi ulio mzuri.

Shahidi wa tatu hatoki mlimani, bali atoka katika anga yote ya dunia. Mwaka 1856 Eunice Foote, mwanamke wa Marekani, alionyesha kwamba hewa ya kaboni iliyowekwa juani hupata joto kuliko hewa ya kawaida. Mwaka 1859 John Tyndall alipima jinsi hewa hiyo inavyozuia joto lisipite. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alipiga hesabu, akaona kwamba hewa ya kaboni ikizidi, dunia itapata joto zaidi. Kisha, tangu mwaka 1958, Charles Keeling alianza kuipima hewa juu ya mlima wa Mauna Loa huko Hawaii. Wakati huo katika kila sehemu milioni moja za hewa palikuwa na sehemu 315 za kaboni. Leo zimepita 420. Kabla ya viwanda kuenea zilikuwa 280 hivi.

Mtu aweza kuuliza: kaboni hiyo yajulikanaje kuwa imetoka viwandani, isiwe imetoka baharini? Swali ni jema. Kaboni ya miti iliyo hai ina alama fulani ambayo hufifia kwa muda wa maelfu ya miaka. Makaa ya mawe na mafuta, kwa kuwa yamelala ardhini mamilioni ya miaka, hayana tena alama hiyo. Mwaka 1955 Hans Suess alionyesha kwamba alama hiyo ilikuwa ikipungua katika miti iliyokua wakati wa viwanda, yaani kaboni ya kale ilikuwa imeingia hewani. Mtu aweza kuuliza tena: je, si jua ndilo lililozidi ukali? Kama ni jua, hewa ya chini na hewa ya juu sana zingalipata joto pamoja. Vipimo vyaonyesha kwamba hewa ya chini yapata joto, ilhali ile ya juu sana yapoa. Hiyo ni alama ya kidole cha mkosaji mlangoni. Ndiyo sababu baraza la wataalamu wa mataifa, lililoundwa mwaka 1988 kuchunguza jambo hili, liliandika mwaka 2021 kwamba hapana shaka tena kuwa binadamu ndiye aliyeitia joto dunia.

Shahidi wa nne ni msitu. Watu wengi hudhani kwamba mito ya Kilimanjaro hulishwa na barafu. Sivyo. Maji mengi hutoka katika msitu unaouzunguka mlima, ambao hupokea mvua na kuuteka ukungu. Moto umeuunguza msitu wa juu mara nyingi, na mashoka yameukata wa chini. Makosa haya hayakufanywa na kiwanda cha ng'ambo. Yalifanywa na mikono iliyo karibu.

Basi, msomaji, hukumu ni ipi? Mimi nahukumu hivi. Barafu ya Kilimanjaro haikuliwa na mlaji mmoja. Maumbile yalianza kuila katika karne ya 19, yakitumia ukavu. Binadamu wa viwanda ameongeza joto, akaifunga njia ya barafu kurudi. Binadamu wa jirani ameuharibu msitu, akazidisha hasara ya maji. Anayesema ni maumbile tu amekosea, na anayesema kwamba kila kipande kilichotoweka kimeyeyushwa na moshi wa viwanda amekosea pia. Lakini hata kama mlima huu mmoja ungaachiliwa usitoe ushahidi, kesi ya joto la dunia ingesimama imara, kwa maana ina mashahidi katika kila bara na kila bahari.

Ukishajua kwamba makosa ni mbalimbali, utajua pia kwamba malipo hayawezi kuwa sawa. Afrika yote hutoa chini ya sehemu 4 katika kila 100 za hewa ya kaboni inayotolewa na dunia kwa mwaka. Si haki kumwambia mkulima wa Kirinyaga apande miti ili tajiri wa mbali aendelee kuchoma mafuta bila kipimo. Mataifa yenyewe yalikubali neno hilo huko Rio de Janeiro mwaka 1992, kwamba wajibu ni wa wote lakini uzito wake si mmoja. Mwaka 2015 huko Paris yaliahidi kulizuia joto, na mwaka 2022 huko Misri yakakubali kuanzisha mfuko wa kuwasaidia walioharibikiwa. Ahadi ni deni, nasi tuna haki ya kulidai.

Lakini mwenye kudai haki na awe mwenye haki. Wako wasemao kwamba Ulaya ilitajirika kwa makaa ya mawe, basi na sisi tuyachome mpaka tushibe ndipo tuache. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli ndani yake, maana umaskini si jambo la kufanyia mzaha. Ilijadiliwa sana kwetu palipotakiwa kujengwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Lamu. Waliokitaka walitaja umeme na kazi. Waliokikataa walitaja samaki, hewa na mji wa kale. Mwezi wa Juni 2019 baraza la hukumu za mazingira lilikifutia kibali. Nami naona upande wa pili ulikuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 1981 Kenya imekuwa ikipata umeme kutoka kwa mvuke wa ardhini huko Olkaria, nayo ina maji, upepo na jua. Mwenye kisima uani hana haja ya kununua maji machafu.

Na kuhusu msitu, hapa hatuna mtu wa kumlaumu mbali. Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai aliwaanzisha wanawake wa nchi hii katika kazi ya kupanda miti, naye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hakungoja mataifa makubwa yatubu ndipo ashike jembe, wala kushika jembe hakukumfanya anyamaze mbele ya wakubwa. Alifanya yote mawili pamoja.

Basi utakaposimama shuleni kujadili jambo hili, usiulize tu kama binadamu ana hatia au hana. Uliza ni binadamu gani, kwa kosa gani, na kwa kiasi gani. Kisha umpe kila mmoja kazi inayolingana na kosa lake, pamoja na wewe mwenyewe.